Mgonjwa Si Mfungwa

Mtu akishikwa na homa akakataa dawa, twamsihi, hatumfungi. Lakini akiugua akili, upesi hutajwa kamba na kufuli. Je, ni haki kumzuilia mtu hospitalini pasipo hiari yake, naye hakuvunja sheria?

Hatuna budi kukubali kwanza kwamba uko wakati ambapo kumwacha mtu ni ukatili. Mgonjwa asiyetambua hatari akikimbilia mto uliofurika, jirani amshikaye hamdhulumu, amwokoa. Huruma ndiyo mama wa sheria hii. Walakini, huruma isiyo na kipimo yaweza kugeuka dhuluma, kwa kuwa afungaye hujiona mwema, na kila neno la aliyefungwa huhesabiwa kuwa dalili ya ugonjwa wake.

Hayo yalimpata Kenneth Donaldson wa Marekani. Mwaka 1957, kwa ombi la baba yake, alitiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili jimboni Florida. Aliomba mara nyingi aachiliwe; rafiki akajitolea kumtunza, wakuu wakakataa. Alitoka mwaka 1971, baada ya miaka zaidi ya 14. Mwaka 1975 mahakama ya juu kabisa ya nchi ile ilitamka kwamba ugonjwa wa akili peke yake si sababu ya kutosha kumzuilia mtu asiye hatari, awezaye kuishi salama kwa juhudi zake au kwa msaada wa jamaa na rafiki.

Kwetu Kenya, Sheria ya Afya ya Akili ya 1989, iliyorekebishwa mwaka 2022, yaruhusu mgonjwa kulazwa pasipo hiari. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 29, yakataza mtu kunyimwa uhuru kiholela au bila sababu ya haki. Mawili haya hayapingani: moja ni mkono wa kuokoa, la pili ni jicho la kuuchunga mkono huo.

Basi azuiliwaye aelezwe sababu, atibiwe, asikilizwe na mwamuzi asiyependelea, na aachiliwe hatari ipitapo. Wahenga walinena, "Mwenye nguvu mpishe." Sheria njema huongeza kwamba asiye na nguvu naye asikanyagwe. Msomaji, kesho mgonjwa huenda akawa ndugu yako, au wewe mwenyewe. Mtakie mgonjwa wa leo haki ile ile ambayo ungeililia siku hiyo.