Mkono wa Mzee na Saa ya Mguu

Katika vijiji vyetu vya ukingo wa Tanganyika, kuanzia Lusenda mpaka Baraka, mtu akianguka toka juu ya mchikichi ao akigongwa na pikipiki, na mguu ukatoka mahali pake, wa kwanza kuitwa ni mzee anayerudisha viungo. Basi tujiulize: kumpitisha mgonjwa mbele ya mlango wa mzee huyo na kumpeleka hospitali, ni kudharau mila?

Kazi ya mzee si uchawi. Hippocrates, mganga wa Wayunani wa kale, aliandika juu ya viungo vilivyotoka, na alifundisha kuvuta na kurudisha, sawa na wazee wetu. Wala tusiwalaumu jamaa. Mzee hupokea kuku, ao hungoja mavuno. Hospitali inaomba pesa.

Lakini mguu una saa yake. Nyonga ikichomoka, kichwa cha mfupa wa paja kinakosa damu ya kutosha. Isiporudishwa ndani ya saa 6 hivi, hatari ya mfupa huo kufa inazidi. Goti ni baya zaidi. Mshipa mkubwa wa damu nyuma yake unaweza kukatika, hata kama goti limerudi lenyewe na linaonekana zima. Wayo ukiwa baridi, bila mapigo, kila saa inayopita inausogeza mguu kwenye kukatwa. Aliyeumia saa sita ya mchana, jua likitua muda wake umekwisha. Kusema "tutaona kesho asubuhi" ni kuamua tayari.

Hapo ndipo heshima ya mzee inapimwa. Mzee anayeshika wayo, akautazama, akasema, "Wanangu, huyu si wangu, mumubebe Nundu sasa hivi," hakuivunja mila, ameitimiza. Sababu mila hiyo iliwekwa kwa ajili ya mguu wa mtu, si kwa ajili ya jina la fundi.

Daktari naye asimcheke mzee mbele ya jamaa. Waliochekwa leo, kesho watamficha mgonjwa wao, na mficha maradhi, kifo humuumbua.

Na sisi tuliosoma? Kusema ni rahisi. Tuchange mapema pesa ya gari, tuwapange vijana wa kubeba kipoyi, ili mzee akisema "mpelekeni," pasiwe mtu wa kujibu, "kwa nini?" wala "kwa pesa gani?"