Mkono wa Nani Juu ya Ngoma?

Mwenyeji ana wajibu gani kwa mila ya mgeni wake? Swali hili huonekana jepesi mpaka siku utakapokuwa mwenyeji kweli. Wahenga walituachia usemi kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone, nasi wengi tumeuelewa kuwa mgeni apewe kila alitakalo. Lakini itakuwaje ikiwa alitakalo mgeni mmoja ni kwamba mgeni mwingine anyimwe?

Nimelipima swali hili tangu mwaka 2018, nilipochaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati iliyoandaa tamasha dogo la ngoma mjini Kigoma. Mwalimu mkuu mstaafu hana mapumziko. Watu hudhani kwamba aliyeweza kupanga ratiba ya vipindi ataweza kupanga ratiba ya kila jambo. Tamasha letu lilikuwa la kimataifa kwa sababu tu Kigoma imepakana na mataifa. Kundi moja la wanaume lilitoka Burundi, likavuka mpaka Manyovu na ngoma zake juu ya lori. Kundi jingine lilivuka ziwa kutoka Kongo. Kundi la tatu lilikuwa la akina mama wa Kigogo kutoka Dodoma, waliosafiri kwa treni ya reli ya kati zaidi ya siku nzima. La nne lilikuwa letu wenyeji, wazee kwa vijana, nami nikiwamo nikipiga ngoma ndogo, kama nilivyoipiga tangu chuo cha ualimu. Wageni walilala madarasani. Chakula kilikuwa ugali, maharage na dagaa. Vipaza sauti hatukuwa navyo, wala ngoma haivihitaji.

Jioni ya kuamkia tamasha, mzee kiongozi wa kundi la Burundi aliisoma ratiba, akaniita kando. Alisema kwa adabu kubwa kwamba watu wake hawawezi kupiga ngoma katika uwanja ambao wanawake nao watapiga. Kwao mwanamke haipigi ngoma. Ama akina mama waondolewe kwenye ratiba, ama wao warudi kwao asubuhi.

Kamati ilikutana usiku ule ule. Mweka hazina wetu alikuwa na hoja nzito: picha iliyokuwa kwenye mabango ilikuwa ya ngoma za Burundi, na watu walikuwa wamekwisha lipa kiingilio ili wazione hizo. Akina mama, alisema, wataelewa, wamezoea kuelewa. Sentensi hiyo ya mwisho aliisema bila ubaya wowote, nami ndiyo iliyoninyima usingizi.

Tumtendee haki yule mzee kwanza. Katika Kirundi neno ingoma lina maana mbili: ni ngoma, na tena ni ufalme. Ngoma takatifu iliyoitwa Karyenda ilikuwa alama ya mwami, na katika sherehe ya umuganuro, ya kupanda mtama, ngoma zililia kwa heshima yake. Hata mti wenyewe unaochongwa huitwa umuvugangoma, yaani mti unaoifanya ngoma iseme. Kwa watu wenye urithi wa namna hiyo, kuuliza ni nani aiguse ngoma ni kuuliza ni nani aliguse taifa. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza urithi huo katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika, na amri ya rais ya Oktoba 2017 ikakataza wanawake kuzipiga ngoma hizo. Mzee hakuwa akitubeza. Alikuwa akilinda alichokabidhiwa, tena na sheria ya kwao ilikuwa nyuma yake.

Hata hivyo, mila ina kawaida ya kusahau safari zake yenyewe. Ufalme wa Burundi ulifutwa mwaka 1966. Tangu hapo ngoma za mwami zimelia bila mwami: zimepokea viongozi wa jamhuri na zimepanda majukwaa ya Ulaya mbele ya watu waliokata tiketi. Mabadiliko hayo ni makubwa kuliko mkono wa mwanamke, na sikusikia kwamba yaliivunja mila. Basi tunapoona mila ikikunjuka kwa ajili ya safari na malipo, kisha ikikakamaa pale tu mwanamke anaponyoosha mkono, tuna haki ya kuuliza ni kitu gani hasa kinacholindwa.

Wala si kweli, kama wengine wapendavyo kusema, kwamba Mwafrika tangu asili hakumruhusu mwanamke kupiga ngoma. Wagogo wana muheme, na wapigaji wake ni wanawake. Huisimamisha ngoma ikiwa imebanwa katikati ya mapaja, wakaipiga kwa mikono mpaka ardhi ikaitika. Kule Unguja, Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alijulikana kwa ngoma ya unyago kama alivyojulikana kwa taarabu. Na Rwanda, ambako ngoma ilikuwa ya wanaume kama Burundi, wanawake walianzisha kundi la Ingoma Nshya mwaka 2004, miaka kumi baada ya mauaji ya kimbari, wakakaa wajane wa upande huu na wake wa upande ule kwenye ngoma zile zile. Afrika haina neno moja juu ya jambo hili.

Kabla kamati haijaamua niliona ni haki kumwuliza mwenye kuhusika. Nilimwendea kiongozi wa akina mama, nikamweleza yote bila kuficha. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Mwalimu, sisi tumekuja kupiga ngoma zetu. Za kwao hatukuziomba.”

Nimesoma vitabu kadhaa vya maadili katika maisha yangu, lakini sikupata kuona jambo likikatwa wazi namna ile. Kumbe maswali yalikuwa mawili, nasi tulikuwa tumeyafunga katika mzigo mmoja. La kwanza: je, watu wana haki ya kusema ni nani aiguse ngoma yao? Naona wanayo, angalau mbele ya mgeni na mwenyeji. Kama binti zao wenyewe wataidai siku moja, hiyo ni kesi nyingine, na mawakili wake ni wao. La pili: je, watu wana haki ya kusema ni nani aiguse ngoma ya mwenzao? Hapo jibu ni la hasha. Mila ya mtu ni nyumba yake. Ana haki ya kufunga mlango wake, lakini hana haki ya kuufunga mlango wa jirani.

Tuliamua hivyo. Kila kundi lingepiga kwa zamu yake, hakuna ambaye angeigusa ngoma ya mwenzake bila idhini, na upigaji wa pamoja wa kufungia siku ungekuwa wa hiari. Burundi walipiga saa tisa alasiri, nao walipiga vizuri ajabu. Walipomaliza walipakia ngoma zao na kuondoka kabla akina mama hawajaingia uwanjani. Sehemu ya watazamaji iliondoka nyuma yao. Akina mama walipiga mbele ya uwanja uliopungua, na katika ngoma ya pamoja pale ambapo mngurumo mkubwa ungetubeba palikuwa na pengo. Nililisikia katika viganja vyangu nilipokuwa nikipiga. Mweka hazina hakubaliani nami hata leo, na hesabu zake ni sahihi.

Wakati wa kuagana mzee aliniambia, “Mwalimu, hukutufukuza, lakini hukutusikiliza.” Nikamjibu, “Nilikusikiliza, mzee mwenzangu. Sikukutii tu.” Alinipa mkono.

Naam, msomaji, haki haina desturi ya kuujaza uwanja. Mara nyingi huupunguza. Lakini nadhani tumekosea kuufundisha ukarimu kama kwamba ni utii. Kumheshimu mgeni ni kumsikiliza mpaka mwisho, kumlaza pema, kumlisha na kumpa uwanja wake. Hayo tunayadaiwa, tuyalipe bila kunung'unika. Lakini heshima ya mgeni mmoja isilipwe kwa mali ya mgeni mwingine, hasa wa yule tunayemjua kuwa amezoea kuelewa. Mwenye kuzoea kuelewa ndiye wa kwanza kuangaliwa kila ratiba inapopangwa, kwa kuwa yeye ndiye asiyetishia kuondoka.