Tafakuri ya leo: Peke yako ziwani



Kule Matema, Kyela, anayeanza kuingia Ziwa Nyasa peke yake na mtumbwi huomba dua kila wimbi linapomtikisa. Akishazoea kasia na upepo, hofu inaisha. Je, na dua iishe?

Kujiamini si kosa. Ujuzi ni neema, na kwenda bila ujuzi si tawakkul. Lakini Al-Ankabut aya ya 65 inawataja wanaomwomba Allah kwa ikhlasi wakiwa chomboni, kisha akiwafikisha nchi kavu wanamshirikisha. Usalama uliwasahaulisha.

Sisi nasi funga imeshazoeleka, njaa haitutishi tena. Ile dua ya siku ya kwanza iko wapi? Kuomba kwa hofu kila mtu anaweza. Leo tuombe kwa shukrani.

Allah atutakabalie. Aamin.