"Sori", Pole na Msamaha: Neno na Deni la Mkosaji

Neno la Kiingereza "sorry" ni miongoni mwa maneno ambayo mzungumzaji wa Kiswahili nchini Kenya huyatumia bila kuyahisi kuwa mageni. Hapa Eldoret, "sori" huambiwa aliyejikwaa, aliyefiwa, na hata yule tuliyemkosea. Shina lake la kale katika Kiingereza lilihusu maumivu, halikubainisha aliyeyasababisha. Swali linalotukabili ni la kimaadili: je, yafaa majonzi yashike nafasi ya ungamo?

Kiswahili huyatenga mambo haya mawili. "Pole", neno lenye udugu na upole, halimtaji mtenda; hata mpita njia aweza kulitamka. "Nisamehe", kwa upande mwingine, humweka msemaji katika nafasi ya mtendwa na kumwachia aliyekosewa uamuzi. Ni kweli kwamba "samahani" nayo imechujuka, hata hutumiwa kuomba njia. Lakini "naomba msamaha" bado ina uzito wa deni.

Tofauti hii si ya kisarufi tu. Tarehe 6 Juni 2013, William Hague aliliambia Bunge la Uingereza kwamba serikali yake ilisikitishwa na mateso waliyofanyiwa Wakenya enzi ya Mau Mau. Malipo ya pauni milioni 19.9 yalikubaliwa kwa ajili ya walalamishi 5,228, ilhali serikali iyo hiyo iliendelea kukana dhima ya kisheria. Tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles alitaja jijini Nairobi huzuni na majuto; msamaha hakuuomba. Kwa mizani ya Kiswahili, kauli zote mbili zilikuwa pole. Rais Uhuru Kenyatta, tarehe 26 Machi 2015, aliomba msamaha bungeni kwa niaba ya serikali yake na zilizotangulia, akaahidi hazina ya shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Kauli hiyo ilizaa deni linaloweza kudaiwa.

Yupo atakayesema kwamba utata wa "sori" una manufaa. Baada ya mkasa kama ule wa kanisa la Kiambaa, lililoteketezwa karibu na mji huu tarehe 1 Januari 2008, humwezesha jirani kumliwaza jirani kabla ya hatia kuthibitishwa. Hoja hii ina mashiko. Hata hivyo, pole hufungua mazungumzo, hailipi deni. Msemaji anapokuwa mwenye nguvu, utata huo humkinga yule yule anayepaswa kujibu. Mfasiri anayeandika "samahani" palipotamkwa pole humpatia mkosaji msamaha ambao hakuuomba.