Magnesiti, Povu na Swali la Mchanganyiko

Magnesiti ni kaboneti ya magnesiamu. Ikiwa safi, karibu asilimia 48 ya uzito wake ni oksidi ya magnesiamu. Iliyobaki ni hewa ya kaboni inayotoka jiwe likichomwa. Oksidi hiyo haiyeyuki mpaka joto lifike takriban nyuzi 2,800 za Selsiasi, ndiyo maana matofali yake hujengewa kuta za ndani za tanuri za chuma na saruji. Lakini jiwe halitoki ardhini likiwa safi. Hata katika machimbo makubwa ya Liaoning, China, huja limechanganyika na kwatsi, talki na dolomaiti. Kuchanganyika huko hakuko kwa namna moja, na wanafalsafa walianza kubishana juu ya jambo hili kabla ya kiwanda chochote kujengwa.

Aristotle aliuliza kama shayiri na ngano zikimwagwa pamoja zimechanganyika kweli. Alijibu kwamba zimewekwa pamoja tu: mwenye macho makali kama Lynceus wa hadithi za Kigiriki angeona kila punje peke yake. Mchanganyiko wa kweli, kwake, ni ule ambao kila sehemu, hata iwe ndogo vipi, inafanana na kitu kizima. Hapo likazaliwa swali gumu zaidi: je, vile vilivyoungana bado vimo? Ibn Sina alishikilia kwamba sura ya kila elementi hubaki kamili, ila sifa zake hupungua makali. Ibn Rushd alimpinga, akisema sura yenyewe ndiyo inayopungua.

Kiwandani, macho ya Lynceus ni kinu. Mawe husagwa mpaka chembe ziwe ndogo kuliko sehemu ya kumi ya milimita, ili kila chembe ibaki na madini ya aina moja. Uji wa maji na unga huo huingizwa kwenye matangi na kupulizwa hewa. Talki, ambayo kwa asili haishikani na maji, hupanda na mapovu bila kushawishiwa sana. Kwatsi hupenda maji, lakini uso wake una chaji hasi. Ikitiwa amini, dawa yenye chaji chanya, huvikwa utando unaokataa maji, nayo hupanda. Magnesiti hubaki chini. Kisha hutiwa oleati ya sodiamu, inayoshika magnesiti yenyewe, na chembe zile zile zilizokuwa chini sasa hupanda na kukusanywa kama makinikia.

Ndani ya chembe hizo hakuna kilichobadilika. Kuelea, basi, si sifa iliyo ndani ya magnesiti. Ni uhusiano kati ya uso wake, dawa, maji na hewa. Uchafu nao ni hivyo hivyo: talki inayotupwa hapa huuzwa kwingine kama bidhaa.

Dolomaiti inasumbua zaidi. Uso wake, kama wa magnesiti, una magnesiamu na kaboneti, kwa hiyo oleati huzishika zote mbili. Tena kalsiamu inayoyeyuka kutoka kwenye dolomaiti hutua juu ya magnesiti, na chembe za pande mbili zikazidi kufanana kwa nje. Heksametafosfati ya sodiamu huizuia dolomaiti isipande, lakini si kwa ukamilifu. Hata hivyo, ndani ya fuwele ya dolomaiti matabaka ya kalsiamu na ya magnesiamu hupishana kwa mpangilio wake maalumu. Mpaka upo, ila uso unauficha. Anayesema haupo kwa sababu tu povu limeshindwa kuuonyesha amechukua udhaifu wa chombo akaufanya sifa ya kitu.

Kwa chuma hali ni tofauti kabisa. Katika fuwele ya magnesiti, chuma huweza kukaa mahali pa magnesiamu kwa kiwango chochote, kuanzia magnesiti tupu hadi sideriti, yaani kaboneti ya chuma. Hata isagwe namna gani, chembe za sideriti za kutengwa hazitapatikana, kwa sababu hazimo. Mchanganyiko huu unaukaribia sana ule wa Aristotle, ingawa Lynceus mwenye uwezo wa kuona atomu angetofautisha nafasi ya chuma na ya magnesiamu. Ibn Sina angesema chuma kimo, kwani asidi hukitoa. Ibn Rushd angejibu kwamba kilichomo hakifuliwi kwa nyundo wala hakina mng'ao wa chuma. Wataalamu wa madini wamekata kesi kwa nusu: magnesiamu ikizidi chuma, jiwe huitwa magnesiti. Mstari huo wameuchora wao, fuwele haiujui.

Wala chuma hicho si hasara kila mahali. Magnesiti ya Veitsch, Austria, iliyoanza kutengenezewa matofali ya tanuri katika karne ya 19, ilikuwa na chuma ndani ya fuwele zake, nacho kilisaidia punje kushikana wakati wa kuchomwa.