Sitara ya Mlevi na Haki ya Mtoto Wake

Katika mambo ambayo watu wengi wameghafilika nayo ni hali ya mtoto aliyemo katika nyumba ya mlevi. Jamaa hujua ya kuwa baba hurudi usiku naye amelewa tembo, nao hunyamaza, wakidhani kuwa kunyamaza huko ni kusitiri, na kusitiri ni jambo jema. Hata mtoto akifika miaka 12, akawa mwizi, mtoro wa chuoni na mpigaji wa wenziwe, ndipo wajomba na ami hukutana, na fimbo mkononi.

Je, sitara hiyo ni wema? Jawabu ni kuwa si wema. Sitara iliyosifiwa ni ya kosa ambalo madhara yake hayamfikii mwingine, na ulevi wa mzazi si wa namna hiyo. Qur'ani, katika Suratul Maida, aya ya 91, imetaja uadui na bughudha kuwa ni katika matunda ya ulevi. Na wa kwanza kuuonja uadui huo ni mtoto, asiyejua kama usiku wa leo utakuwa wa kicheko au wa kipigo. Huyo hujifunza uwongo kwa hofu kabla hajajifunza alifu.

Wala asidhaniwe kuwa amekwisha haribika, kwani dhambi ya mtu haibebwi na mwingine. Watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, huko Hawaii, walifuatiliwa na wataalamu hata wakawa watu wazima. Miongoni mwao walikuwamo watoto wa walevi, na wengi wa hao walisimama vyema. Na katika yaliyowafaa ni kupata tangu uchangani mlezi aliyewaangalia kwa mapenzi.

Basi wajibu wa jamaa ni kuwahi. Mjomba au nyanya na aingie mtoto angali mdogo, si kwa kumfedhehesha baba mbele ya watu, bali kwa kumnasihi faraghani, kumtia nguvu mama, na kumwekea mtoto saa za kula, za kulala na za chuo zisizobadilika. Nasaha isipofaa, madhehebu ya Imamu Shafii hayampi fasiki haki ya kulea. Mtoto atalelewa na jamaa aliye mwadilifu, na mlango wa toba ya mzazi u wazi.

Mwenye kungoja hata mtoto aibe, kisha akamchapa, amemchapa kwa kosa la kunyamaza kwake mwenyewe.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.