Wimbo wa Watumwa na Kikapu cha Sadaka

Kwaya zetu huimba ili kuchangisha kwa mambo mengi: paa la kanisa, matibabu ya mgonjwa, ada za yatima. Hilo ni jema. Lakini zipo nyimbo ambazo hazikutungwa ili kupendeza masikio. Zilitungwa na watu waliofungwa na kunyang'anywa, nazo zinadai haki. Tukiziimba ukumbini ili kikapu kijae, hata kama fedha ni za maskini, je, tunaziheshimu, au tunauza kilio cha watu?

Zaburi ya 137 inalijua swali hili. Mateka wa Israeli, kando ya mito ya Babeli, wanatakiwa na waliowateka wawaimbie nyimbo za kwao. Vinubi wamevitundika mitini. Si kwamba wamesahau kuimba. Anayeomba wimbo anataka kuburudika nao, na hana nia ya kumfungua mwimbaji.

Vijana tisa wa Chuo cha Fisk, mjini Nashville, Marekani, walikutana na jambo hilo hilo. Chuo chao kilianzishwa mwaka 1866 kwa ajili ya watu waliotoka utumwani, na kufikia 1871 kilikuwa karibu kufungwa kwa kukosa fedha. Mweka hazina wake, George White, akakusanya waimbaji, wengi wao wakiwa wamezaliwa watumwa, akaondoka nao mwezi Oktoba kwenda kuimba katika miji ya kaskazini. Huko njiani, wakiwa wenyewe hawana hata nguo za baridi za kutosha, mojawapo ya makusanyo yao ya kwanza, yasiyofika dola 50, waliyatoa kwa walioathirika na moto mkubwa wa Chicago.

Mwanzoni waliimba zaidi nyimbo za Wazungu. Zile za wazazi wao, za Musa na Farao, za kuvuka mto na kwenda nyumbani, hawakupenda kuzitoa hadharani. Ella Sheppard, mpiga piano wao, ambaye baba yake alimnunulia uhuru, alieleza kwamba kwao nyimbo hizo zilikuwa takatifu, tena zilifungamana na utumwa. Tunaielewa aibu hiyo, na pia heshima hiyo. Mtu hafungui kaburi la mama yake ili wageni watazame.

Hata hivyo waliziimba, na watu wakalia. Mwaka 1872 walirudi na dola 20,000 hivi. Baadaye walivuka bahari, wakaimba mbele ya Malkia Victoria wa Uingereza, na jengo kubwa la chuo likasimama kwa fedha za nyimbo zile. Liliitwa Jubilee, kwa mwaka wa Yubile wa Walawi 25. (Sisi tumelizoea neno hilo kwa miaka 25 ya ndoa au 50 ya usharika, pamoja na keki. Katika Walawi ni mwaka wa mtumwa kwenda zake na shamba kurudi kwa mwenyewe.)

Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kuimba kilio kwa ajili ya mchango ni dhambi. Waliouimba wimbo ule walikuwa wenye wimbo, na shule iliyojengwa ilikuwa ya watoto wao. Hawakuwa vinanda vya Babeli.

Lakini kuna habari nyingine ya safari zile isiyotuacha tulale. Waimbaji hao walikuwa wakishangiliwa ukumbini jioni, kisha wakikataliwa vyumba kwenye nyumba za wageni kwa sababu ya rangi yao. Mji mmoja ungeweza kutoa machozi na fedha, na usitoe kitanda. Mchango ulikuwa wa kweli na uliisaidia shule. Ila wimbo ulikuwa umeomba zaidi ya mchango, na mlango wa nyumba ya wageni ulikuwa jibu.

Hapo ndipo tunapoona hatari ya sadaka yetu. Aliyetoa anaweza kurudi nyumbani akijiona amemalizana na wimbo, kama mtu aliyelipa nauli na kushuka. Nabii Amosi, katika sura ya 5, anatuambia kwamba Mungu aliwahi kuchoka na kelele za nyimbo, sauti ikiwa nzuri na vinubi vikiwa vimekazwa vizuri, kwa sababu haki ilikuwa haitiririki.

Basi kwaya yetu ikisimama kuimba wimbo wa walionyang'anywa ardhi, kwa ajili ya wasio na makazi, na tuchange, tena tuchange vizuri. Kisha kabla ya kutawanyika tuulizane: kati yetu tuliokaa viti vya mbele, ni nani mwenye nyumba za kupangisha, na wiki hii amemkatalia nani chumba kwa sababu ya kabila lake, au kwa sababu ni mjane mwenye watoto wengi?